Ana A- ya KCSE lakini anataka kushika tezo ya kuchongea mashua na babu yake Matondoni. Nimwache?

#1 MamaLatifu
Salaam aleikum nyote. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu wa pili, hapa tumwite Latifu, amemaliza kidato cha nne akapata A-. Hisabati A, fizikia A, kemia A-. Mwalimu wake wa fizikia alikuja mpaka nyumbani kutupa mkono wa hongera, na kwenye KUCCPS, mfumo wa kuomba nafasi za vyuo, wakajaza pamoja uhandisi.

Wiki mbili zilizopita alinikuta uani nakuna nazi. Akakaa juu ya ndoo, akawa anaokota chembe za nazi zilizoanguka mkekani, nikajua kuna jambo. Akasema, "Mama, chuo siendi. Nataka kujifunza kwa babu."

Babu yake ni babangu mimi, fundi wa vyombo vya baharini pale Matondoni. Ana miaka 74. Sasa hivi ana mashua ya futi 32 ya mvuvi wa Kizingitini, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umelazwa tangu Ramadhani. Latifu huenda huko kila Jumamosi tangu yuko darasa la sita, na mimi nilikuwa nikifurahi kwamba hazururi.

Baba yake yuko kazini Mombasa. Amesema mtoto akikataa chuo asimpigie simu tena. Babu naye amenyamaza, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana mzee huyu ana neno juu ya kila kitu mpaka bei ya ndimu. Nataka mawaidha. Na nisaidieni kuelewa: kwa nini mtoto mwenye kichwa kama hiki anataka kazi ambayo watoto wa mafundi wenyewe wameikimbia?

#2 Mpwani_Nairobi
Dada, pole, lakini hapa hakuna mjadala. Mpeleke chuo. Ufundi utamsubiri, nafasi ya uhandisi haimsubiri mtu. Na kwa A- serikali inamlipia kila kitu, nyinyi mtatoa nauli tu.

#3 BodaYaMajini
Amempenda msichana wa Matondoni. Nimemaliza.

#4 Juja2016
Mpwani_Nairobi, hilo la "kila kitu" si kweli, tusimpoteze mama wa watu. Tangu wanafunzi walioingia 2023 mfumo umebadilika. Familia inawekwa kwenye bendi kulingana na uwezo wake. Bendi ya kwanza ni ufadhili asilimia 70, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 25, na nyumbani mnatoa 5. Ukiwekwa bendi ya tano, ufadhili ni 30, mkopo 30, na nyumbani 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo wote unakiuka Katiba, kesi ikaenda rufaa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu nauli, MamaLatifu jaza fomu na uone mnawekwa bendi gani, na kama hamridhiki kateni rufaa. Mkopo ni mkopo, unalipwa na riba ya asilimia 4.

Mimi nimesoma uhandisi wa meli chuo kikuu cha JKUAT. Nitarudi kuandika zaidi, niko kazini.

#5 NahodhaMstaafu
Mpwani_Nairobi anasema ufundi utamsubiri. Mwanangu, ufundi uko wapi huo unaosubiri? Umewekwa sandukuni? Ufundi ni mikono ya mzee mmoja wa miaka 74. Chuo kitakuwepo mwaka kesho na mwaka wa mtondo. Mimi nimeona kwa mato yangu mafundi wanne wakizikwa na kila mmoja kaondoka na kipimo chake. Ndia ya chuo ni pana, ndia hii inazibwa na mchanga kila siku.

#6 Mtoto_wa_Tanga
Habari za huko wakuu. Mzee, "mato" ni macho? Na "ndia" njia?

#7 NahodhaMstaafu
Naam. Kiamu hicho, Kiswahili cha Lamu. Karibu Amu.

#8 MwalimuMstaarabu
Nimefundisha sekondari miaka 22, bara na pwani. MamaLatifu, ruhusu nikwambie jambo ambalo wazazi hawalipendi. Watoto wanaosifiwa sana mapema hufika mahali wakaogopa kushindwa. Hapa nyumbani Latifu ndiye wa kwanza darasani. Huko chuoni atakaa darasani na watu 80 na wote walikuwa wa kwanza makwao. Nimeona vijana wa A wakitafuta sababu nzuri ya kutokwenda, na sababu nzuri kuliko zote ni ile inayoonekana kama utiifu: nabaki na babu, nabaki na mama. Sisemi ndiye yeye. Nasema muulize anaogopa nini, na usimuulize mbele ya watu.

#9 FundiWaMokowe
Mwalimu, heshima yako, lakini kwa nini mtoto akitaka chuo ni ndoto na akitaka ufundi ni woga?

Mimi ni fundi wa vyombo, nimejifunza kwa ami yangu. Nataka mama ajue hii kazi ilivyo, asidanganywe na sisi tunaoipenda wala na wanaoidharau. Miaka miwili ya kwanza sikugusa tezo. Kazi yangu ilikuwa kunoa, kuchota maji, kushika upande wa pili wa ubao, na kusokota pamba. Kalafati mnaiona wakati chombo kimekaribia kushuka majini, mnadhani ni kujaza nyufa. Unasokota pamba juu ya paja mpaka iwe kamba nyembamba, unaitia mafuta ya nazi, unaipanga kwenye mshono wa mbao mbili, unaipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Siri ni mlio. Mshono ukiwa mtupu unalia kama debe. Ukijaa, sauti inakuwa nzito, fupi. Ukizidisha, ubao unasukumwa na misumari inalegea, chombo kinavuja pale pale ulipodhani umeziba. Ami alikuwa amekaa mbali anakunywa kahawa, ananiambia "rudia ule wa tatu kutoka tezi", yaani nyuma ya chombo, bila kutazama. Hilo halimo kwenye kitabu chochote.

Sasa upande wa pili. Mgongo wangu una miaka 41 na unajihisi una 60. Unalipwa kwa mafungu: mkuku ukilazwa, mataruma, zile mbavu za chombo, yakisimama, mbao zikipigwa, chombo kikishuka. Mwenye chombo akikwama katikati, nawe umekwama, chombo kimekaa ufukweni kama mifupa. 2014 ilipokuja amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakakaa, hakuna aliyeagiza hata mtumbwi. 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti, tukatafuta mbao kwa tochi. Na ukitoka hapo ukutane na boti za faiba zinazokuja zimeshamalizika, mtu analipa leo anaondoka nazo leo. Wanangu mimi wawili, hakuna anayetaka. Sikuwalazimisha.

#10 BintiSiyu
Nimesoma huu uzi na koo imenikaba. Mimi nilipata C+. Inatosha digrii, ndicho kiwango. Nyumbani wakasema Mombasa ni mbali kwa mtoto wa kike. Nikasema basi nifundishwe useremala kwa ami yangu, anachonga milango. Wakasema kazi ya kiume hiyo. Nimekaa. Leo nasuka mikeka, namshukuru Mungu inauzika, na nimewafundisha wenzangu.

Latifu ana milango miwili na yote iko wazi. Nawaomba mnaobishana hapa mkumbuke kuna nyumba za jirani ambako mtoto mwenye akili hajaulizwa hata swali.

#11 MamaLatifu
BintiSiyu, Mungu akufungulie. Nina binti gredi ya nane, maneno yako nimeyabeba.

Kwa wote, ahsanteni. BodaYaMajini, nimemuuliza, akacheka mpaka akakaa chini, kwa hiyo sina jibu.

#12 Mpwani_Nairobi
Nakubali kusahihishwa kuhusu ada. Lakini msimamo wangu uko pale pale. FundiWaMokowe mwenyewe amesema wanawe hawataki. Ushahidi gani zaidi? Bandari ya Lamu iko pale, gati 32, inahitaji wahandisi. Wasipokuwa watoto wa Lamu watakuwa wa kwingine, halafu tutalia tena kwamba tumeachwa nyuma.

#13 BodaYaMajini
Gati 32 umeziona wapi? Mimi napita pale na boti. Hizo 32 ni za kwenye mpango. Zilizokamilika ni tatu. Ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, nilikuwepo majini siku hiyo tukafukuzwa tusikaribie. Wewe bwana tangu uhamie Nairobi unaiona Lamu kwenye runinga tu, na ukija likizo boti ya Mokowe unaipanda umefumba macho.

#14 Mpwani_Nairobi
Tatu, sawa. Hata tatu zinahitaji wahandisi. Na macho nafumba kwa sababu ya uendeshaji wako.

#15 MchongaMalindi
Natoka Malindi, natengeneza vitanda, milango na viti vya enzi. Wateja wangu wengi ni wenye nyumba za pwani na hoteli. Nilikuwa na digrii? Nilikuwa na C-. Leo nina wanagenzi watano. Lakini namwambia mama ukweli: kazi yetu inapanda na kushuka na watalii. 2020 nilikaa miezi saba bila kuuza hata stuli. Kilichoniokoa ni mke wangu mwalimu, mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Kila nyumba ya fundi inahitaji mshahara mmoja wa mwisho wa mwezi. Hilo vijana hawaambiwi.

Jambo la pili. Wanagenzi wangu watano, aliye bora kuliko wote ndiye aliyesoma zaidi. Anapiga hesabu ya mbao kabla ya kwenda kununua, haharibu. Wengine wananunua kwa makisio wanabaki na vipande vya kuwashia moto. Kichwa hakiharibiki kwa kushika patasi.

#16 Mtoto_wa_Tanga
Huku kwetu Tanzania suala hili tumelizungumza sana kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994. Kijana anapata cheti cha fani, anaajirika. Kenya hamna kitu kama hicho? Kwa nini iwe chuo kikuu au babu, hakuna katikati?

#17 MwalimuMstaarabu
Ipo. Kuna vyuo vya ufundi chini ya sheria ya TVET ya 2013, na kuna mitihani ya fani ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Jambo ambalo wengi hawajui: mtihani wa NITA mtu aliyejifunza kazini anaweza kuufanya bila kukaa darasani miaka miwili. Latifu akiwa na babu anaweza kusajiliwa useremala na kupimwa. Karatasi hiyo inafungua zabuni za kaunti, inafungua mkopo. FundiWaMokowe, unayo?

#18 FundiWaMokowe
Sina. Nilikwenda kuuliza ofisi moja miaka ya nyuma wakaniambia nilete cheti cha fundi aliyenifundisha. Ami yangu alikuwa ameshakufa na cheti chake kilikuwa vyombo 60 vilivyo baharini. Nikarudi nyumbani.

#19 MwalimuMstaarabu
Hilo lilikuwa kosa lao. Rudi tena, sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kama unataka nitakusaidia kujaza fomu, nitumie ujumbe.

#20 FundiWaMokowe
Nitakutumia, mwalimu. Ahsante.

#21 Juja2016
Nimerudi. MamaLatifu, nisikilize kwa makini maana nimepita pande zote mbili, ingawa ufundi niliufuata nimechelewa.

Uhandisi ni miaka mitano. Ukimaliza huwi mhandisi bado: unasajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi kama mhitimu, halafu unafanya kazi miaka isiyopungua mitatu chini ya wakubwa ndipo uombe usajili kamili. Hakikisheni kozi aliyochagua imeidhinishwa na Bodi hiyo, maana kuna watu wamesoma miaka mitano wakakuta bodi haiwatambui. Baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani miaka miwili. Baba alikuwa ananipita barazani ananisalimia kwa adabu, kama mgeni. Sikuwahi kuona adabu inayouma hivyo. Sasa nina kazi, nashukuru.

Nilisomea meli miaka mitano. Nilijua kukokotoa msawazo wa meli ya tani elfu kumi. Sijawahi kugusa ubao. Mara ya kwanza kuona taruma likikatwa kwa jicho, fundi anachagua tawi lililopinda lenyewe kwa sababu nyuzi za mti zinafuata mpindo na halitapasuka, nilikuwa na miaka 27. Nikajiuliza nilikuwa nasoma nini. Laiti ningeanza kwa mzee kama yule, kila somo lingekuwa na mahali pa kukaa kichwani mwangu.

Kwa hiyo rai yangu: aombe kuahirisha nafasi mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali ukiandika barua kwa msajili kabla ya muhula kuanza. Mashua ya futi 32 itakuwa imeshuka majini kufikia hapo.

#22 NahodhaMstaafu
Mwaka mmoja ni wa kusokota pamba. Fundi mwenyewe kasema, rudi usome #9.

#23 Mpwani_Nairobi
Na mwaka mmoja huzaa wa pili. Najua watu. Nina binamu aliyeahirisha mwaka mmoja, ni mwaka wa tisa huu.

#24 KhadijaShela
Nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. MamaLatifu, mtoto wako wa kwanza anafanya nini?

#25 MamaLatifu
Kaka yake ana digrii ya biashara. Alihitimu 2019. Ameomba kazi mpaka bahasha zikaisha dukani. Sasa anamwendeshea mtu boti ya abiria. Ni mtoto mzuri, hanung'uniki. Gauni lake la mahafali liko kwenye picha ukutani sebuleni, na Latifu analala kwenye kochi chini ya picha hiyo.

#26 KhadijaShela
Basi jibu liko juu ya kochi, dada yangu. Hajakataa elimu. Amemwona kaka yake.

#27 MwalimuMstaarabu
Inawezekana Khadija umegonga penyewe. Lakini digrii ya biashara si uhandisi, na kaka si yeye.

#28 BodaYaMajini
Na kuendesha boti kuna ubaya gani? Mimi hapa.

#29 KhadijaShela
Hakuna ubaya, kaka. Ubaya ni kulipia miaka minne kwanza.

#30 Mzee_wa_Kumbukumbu
Ruhusuni nitoke kidogo kwenye mada, nitarudi. NahodhaMstaafu amesema mafundi wanazikwa na vipimo vyao. Funguvisiwa letu lilijulikana kwa chombo kiitwacho mtepe. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lilikuwa la mkeka wa miyaa. Karne nyingi uliibeba biashara ya mwambao huu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukatoweka. Watu walipotaka kuujua tena ilibidi wajenge mfano. Mmoja ulikuwa ndani ya Beit el-Ajaib, Zanzibar, na jengo lile likaporomoka sehemu Desemba 2020. Hata mfano haukuwa na pa salama. Sisemi jahazi litafika huko. Nasema lilishatokea hapa hapa kwetu, si hadithi ya kwingine.

#31 Mpwani_Nairobi
Mzee, kwa heshima zote: mtepe uliondoka kwa sababu msumari ulikuwa bora na wa haraka. Ndivyo faiba inavyofanya leo. Unataka mtoto wa mtu awe makumbusho?

#32 Mzee_wa_Kumbukumbu
Sitaki awe makumbusho. Nataka pawe na mtu mmoja anayejua hesabu ya chuo na hesabu ya fundi, azilinganishe, atuambie ipi bora kwa bahari hii. Mpaka leo hakuna aliyefanya kwa sababu wanaojua moja hawajui nyingine.

#33 KhadijaShela
Na watu wamesahau Flipflopi? Chombo kizima cha plastiki iliyookotwa fukweni, kikajengwa hapa Lamu, fundi mkuu Ali Skanda, kikashuka majini 2018. Kikaenda mpaka Oman.

#34 BodaYaMajini
Zanzibar, si Oman! 2019, kama kilomita 500. Urefu mita 9, plastiki kama tani 10, na champali 30,000 zimepigwa ubavuni, ndiyo maana kina rangi zote zile.

#35 KhadijaShela
Zanzibar, ahsante. Lakini hoja yangu inasimama: plastiki ilikatwa na kupigwa misumari kwa ufundi ule ule wa mbao. Ufundi haukufa, ulibadilisha mti.

#36 FundiWaMokowe
Kweli kabisa. Plastiki inapanuka juani kuliko mbao, walihangaika nayo. Pale ndipo fundi aliyesoma angefaa.

#37 MchongaMalindi
Na mbio za mashua za mwaka mpya Shela, nani alichukua mara ya mwisho? Maana Matondoni mnajisifu kujenga lakini kukimbia wanakimbia wengine.

#38 NahodhaMstaafu
Chombo kilichochukua kilijengwa Matondoni. Uliza mwenyewe. Mpanda farasi si mzaa farasi.

#39 MamaLatifu
Nimerudi na habari, poleni kwa urefu.

Jana nilikwenda Matondoni. Nilimkuta babangu peke yake, Latifu amekwenda kuchukua misumari. Nikamuuliza mbona amenyamaza. Akasema, "Nikisema aje, babake atasema nimemwibia mtoto. Nikisema aende, mtoto atasema nimemfukuza. Ndio maana." Halafu akaniambia akija atakuja kwa masharti: miaka mitatu, hakuna simu kazini, na hagusi ubao wa nje mpaka mwaka wa pili. Nikamuuliza na akienda chuo? Akafikiri, akauliza, "Huyo mwalimu wa meli wa huko chuoni amewahi kulala baharini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi muulizeni." Sikujua kama ndiyo au siyo.

Kabla sijaondoka nikaona daftari la Latifu limebanwa chini ya kopo la misumari lisipeperuke. Nikalifungua, Mungu anisamehe. Babangu hana mita. Anapima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa uzi wenye mafundo. Latifu ameandika kila kipimo cha babu upande mmoja, na upande wa pili amekigeuza kuwa sentimita. Kurasa nyingi. Kila taruma lina mchoro wake, halafu amechora mstari mmoja unaopita ncha za yote, umekaa kama ubavu wa samaki. Chini yake ameandika, "Hakuna taruma lililotoka nje ya mstari. Babu anajuaje?"

Nimelala nalo hilo swali. Sijui ni la mtoto anayetaka kubaki au la mtoto anayetaka kwenda.

#40 Juja2016
Subhanallah. Mama, huo mstari kuna watu wanalipwa kuuchora kwa kompyuta.

#41 MwalimuMstaarabu
Naondoa neno langu la woga. Hili si woga.

#42 Mpwani_Nairobi
Mimi naona hilo daftari ndiyo barua yake ya kwenda chuo. "Babu anajuaje" halijibiwi Matondoni. Babu mwenyewe hajui anajuaje.

#43 NahodhaMstaafu
Na chuoni nani atamjibu, wakati babu hawamjui? Jibu liko mikononi, akae nayo.

#44 BintiSiyu
Au amwulize babu mwenyewe. Kuna aliyejaribu?

#45 MchongaMalindi
Baba amesemaje kuhusu daftari?

#46 MamaLatifu
Nimempigia picha kurasa mbili nikamtumia. Ameziona, alama mbili za buluu zimetokea. Hajajibu. Lakini leo asubuhi alimpigia simu Latifu mwenyewe, wakaongea dakika kumi. Latifu amekataa kuniambia walichoongea, ila alikwenda kununua daftari jipya.

Siku ya mwisho ya kuandika barua kwa msajili ni Ijumaa ijayo. Nimemwambia anaweza kusoma uzi huu. Anataka kuandika kitu, nampa simu.

#47 MamaLatifu
Salaam, mimi ndiye Latifu. Shikamooni wakubwa wote. Nimesoma yote. Bado sijaamua, na nawaomba msimlaumu mama wala baba.

Nina swali kwa Juja2016. Mwenye mashua anataka mashine ya dizeli ya ndani badala ya tanga peke yake. Babu anataka kuiweka nyuma zaidi kuliko anavyotaka mwenye chombo, na anasema farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, ipunguzwe mbele. Nikijaribu kwa kanuni ya Archimedes napata kwamba tezi itazama sana. Babu anasema haitazama, kwa sababu mashua ikishatembea kwa tanga omo, yaani mbele, hushuka. Nani kati yetu amekosea? Au kuna kitu sijakiingiza kwenye hesabu?

#48 Juja2016
Hujakosea, na babu hajakosea. Wewe umehesabu chombo kimesimama, yeye anakifikiria kinatembea. Lakini siwezi kukujibu bila vipimo. Mashine ina uzito gani? Na upana wa mashua pale katikati ni kiasi gani?

#49 MamaLatifu
Mashine bado haijafika, nitamuuliza mwenyewe. Upana ni shibiri kumi na tatu na vidole vitatu, kwa mkono wa babu. Kesho nikienda nitapima kwa mita nikuletee. Latifu.

#50 FundiWaMokowe
Latifu, pima mara mbili, asubuhi na adhuhuri. Mbao za jua si mbao za umande.